Nikolai Vavilov na Chimbuko la Elimu ya Kinga ya Mimea

Panapozungumzwa habari za hazina za mbegu, jina la Nikolai Ivanovich Vavilov halikosi kutajwa. Vitabu vingi humwonyesha akiwa msafiri Mrusi aliyezunguka mabara matano akikusanya punje za nafaka, mikunde na viazi, kisha akafa gerezani kwa njaa. Picha hiyo ni ya kweli, ila imepunguka. Kabla ya kuwa mkusanyaji wa mbegu, Vavilov alikuwa mwanafunzi wa magonjwa ya mimea, na swali lililomtoa nyumbani kwao lilikuwa moja: kwa nini katika shamba moja, chini ya mvua moja na jua moja, suke moja huliwa na ugonjwa hadi likabaki makapi, ilhali jirani yake husimama zima? Safari zake, nadharia zake na ugomvi wake na wakubwa wa nchi yake vilichipuka kutokana na swali hilo. Majibu ambayo wataalamu wa molekuli wameyapata tangu miaka ya 1990 yameonyesha ni kwa kiasi gani aliyakaribia bila ya kuwa na vyombo vya kuyafikia.

Vavilov alizaliwa mjini Moscow tarehe 25 Novemba 1887. Babake, Ivan Ilyich, alikuwa mtoto wa wakulima aliyeingia mjini, akafanya biashara ya nguo hadi akawa mtu wa mali. Mdogo wake, Sergey, alizaliwa mwaka 1891, akaelekea upande wa fizikia. Naye atatajwa tena mbele. Mwaka huo wa 1891 ndio ulioanzisha njaa kubwa katika bonde la mto Volga, na kizazi cha ndugu hao kilikua kikisikia habari za vijiji vilivyoishiwa na nafaka. Baba alimpeleka Nikolai katika shule ya biashara, lakini kijana hakuvutiwa na nguo wala daftari za hesabu. Mwaka 1906 alijiunga na chuo cha kilimo cha Moscow, kilichojulikana na wengi kwa jina la Petrovskaya. Tasnifu yake ya kuhitimu ilihusu konokono wasio na magamba waliokuwa wakishambulia mashamba na bustani za jimbo la Moscow. Mada hiyo huenda ikamchekesha msomaji wa leo, lakini ilimfunza jambo ambalo hakulisahau: mdudu au ugonjwa hauwezi kueleweka pasipo kumtazama anayeliwa kwa makini yale yale anayotazamwa anayekula.

Baada ya kuhitimu alikwenda St. Petersburg, ambako katika miaka ya 1911 na 1912 alifanya kazi katika idara ya Robert Regel iliyoshughulikia mimea ya mashamba, na vilevile katika idara ya Arthur Jaczewski, bingwa wa kuvu. Magonjwa aliyoyachagua yalikuwa kutu na ubwiri unga wa nafaka. Kutu ya ngano haina uhusiano wowote na kutu ya chuma isipokuwa rangi. Ni kuvu inayopenya ndani ya jani au shina, ikanyonya chakula cha mmea, kisha ikapasua ngozi yake na kumwaga vumbi la rangi ya kahawia au manjano. Kila chembe ya vumbi hilo ni spora, na upepo huzipeperusha spora kutoka shamba hadi shamba, wakati mwingine kutoka nchi hadi nchi.

Wakati huo wataalamu walikuwa wameshaandika mengi kuhusu sababu za mimea fulani kutougua. Wapo waliodai kwamba ngozi nene, nta ya majani au uchache wa vinyweleo vya kupumulia ndivyo vilivyozuia kuvu kuingia. Wengine walidai kwamba uchachu wa maji ya mmea ndio uliokuwa dawa. Vavilov alipanda mamia ya aina za ngano na oti pamoja, akaziacha ziambukizwe, kisha akazihesabu na kuzilinganisha. Matokeo yalizivunja nguvu nadharia zote mbili. Aina moja ya ngano iliweza kuikataa kutu ya manjano kabisa, kisha ikaangamizwa na kutu ya kahawia, ingawa ngozi yake ni ile ile na uchachu wake ni ule ule. Kama ukuta ndio uliokuwa ukilinda, ungemzuia kila mwizi. Hapana budi palikuwa na kitu ndani ya mmea kilichomtambua adui mmoja na kumpuuza mwingine.

Mwaka 1913 alisafiri kwenda Uingereza. Mjini Cambridge alikutana na Rowland Biffen, ambaye mwaka 1905 alikuwa amechapisha jambo la kushangaza kuhusu kutu ya manjano. Biffen alichanganya ngano iliyougua na ngano isiyougua. Katika kizazi cha wajukuu, takriban mmea mmoja kati ya minne ulitoka na kinga kamili. Hesabu hiyo ndiyo ile ya Gregor Mendel na njegere zake. Maana yake ilikuwa kwamba kinga hurithiwa kama rangi ya ua au umbo la punje, na kwamba mzalishaji wa mbegu aweza kuihamisha kutoka aina moja hadi nyingine. Vavilov alitumia muda mrefu zaidi katika taasisi ya John Innes, iliyokuwa Merton karibu na London, chini ya William Bateson, mtu aliyeupa ulimwengu jina la taaluma ya jenetiki. Alimhesabu Bateson kuwa mwalimu wake hadi mwisho. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914 alilazimika kurudi Urusi.

Kutoka katika majaribio hayo alibaki na mmea mmoja uliomsumbua akili. Palikuwa na ngano iliyouzwa na wafanyabiashara wa mbegu kwa jina la ngano ya Uajemi, ambayo ubwiri unga haukuigusa hata pale majirani zake wote walipogeuka weupe. Alipoichanganya na ngano za kawaida za mkate, vizazi vyake vilidhoofika au vikawa tasa. Kwa maneno mengine, ugonjwa ulikuwa umeona tofauti ambayo macho ya wanabotania hayakuiona: hiyo ilikuwa spishi nyingine. Ndipo Vavilov alipoandika, katika makala yake ya 1914, kwamba kuvu yaweza kutumiwa kama kipimo cha nasaba ya mimea. Fikra hii ya kumfanya kimelea kuwa shahidi wa ukoo wa mmea ni mojawapo ya fikra zake bora, na ni ajabu kwamba wasimulizi wengi wa maisha yake huipita bila ya kuigusa.

Mwaka 1916 alipata nafasi ya kuitafuta ngano hiyo huko ilikodhaniwa kutoka. Askari wa Urusi waliokuwa Uajemi walikuwa wakipatwa na kizunguzungu na hali ya ulevi baada ya kula mkate wa huko, na Vavilov, ambaye hakuandikishwa jeshini kwa ajili ya jicho lililoumia utotoni, alitumwa kuchunguza. Aligundua kwamba unga wao ulikuwa umechanganyika na mbegu za nyasi yenye sumu, ambayo wafafanuzi wengi huichukulia kuwa ndiyo magugu ya ule mfano wa Injili ya Mathayo, na kwamba kuvu nayo ilikuwa na sehemu yake katika sumu hiyo. Askari wa mpakani walimkamata kwa siku kadhaa wakidhani ni jasusi wa Ujerumani, kwa kuwa alikuwa na maandishi ya kigeni mkobani. Alipoachiliwa aliendelea hadi milima ya Pamir. Ngano ya Uajemi hakuipata Uajemi; baadaye ilijulikana kwamba kwao ni Kaukasi, hasa upande wa Georgia. Jina lilikuwa limempoteza njia, lakini safari ilikuwa imemfungua macho.

Mapinduzi ya 1917 yalimkuta akiteuliwa kuwa profesa mjini Saratov, kando ya mto Volga. Katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, karatasi na mkate vikiwa adimu, alikamilisha kitabu chake kuhusu kinga ya mimea dhidi ya magonjwa ya kuambukiza, kilichotoka mwaka 1919. Alikitabarukia kumbukumbu ya Ilya Mechnikov, Mrusi aliyegundua seli zinazozunguka mwilini zikimeza vijidudu. Uteuzi huo una kejeli yake, kwa sababu mmea hauna damu wala seli za kuzunguka. Kila seli ya mmea imefungiwa ndani ya kuta zake na haina budi kujilinda yenyewe mahali ilipo. Vavilov alitenganisha kinga ya umbo, kama vile ngozi nene, na kinga hai, ambayo ni mwitiko wa seli inapoguswa na kimelea. Akashikilia kwamba hii ya pili ndiyo yenye uzito. Akaongeza kanuni ambayo wazalishaji wa mbegu waliitegemea kwa miongo mingi: kadiri kimelea kinavyochagua sana chakula chake, ndivyo matumaini ya kupata aina yenye kinga yanavyokuwa makubwa. Kuvu inayokula kila kitu haina mpinzani. Ile iliyozoea jamii moja tu ya mimea itampata mmoja wa jamii hiyo aliyejifunza kuikataa.

Sababu ya kanuni hiyo haikujulikana wakati wake, na ilisubiri miaka mingi. Katika miaka ya 1940, Mmarekani Harold Flor, aliyekuwa akichunguza kutu ya kitani, alionyesha kwamba kila jeni ya kinga katika mmea ina jeni yake pacha katika kuvu, na kwamba kinga hufanya kazi pale tu wawili hao wanapokutana. Mapema katika miaka ya 1990 jeni za kwanza za namna hiyo zilisomwa herufi kwa herufi. Leo inafahamika kwamba mmea una ngazi mbili za ulinzi. Juu ya utando wa seli vipo vipokezi vinavyotambua alama za jumla za vijidudu, na vimelea wengi huishia hapo. Mabingwa wachache wanaopita huingiza protini zao ndani ya seli ili kuizima kinga hiyo. Lakini humo ndani nako kuna protini nyingine zinazolinda, kila moja ikiwa na adui wake. Inapomtambua, seli hujiua pamoja na majirani wake wa karibu, na kuvu isiyoweza kula kitu kilichokufa hubaki na njaa. Ndiyo maana aina moja ya ngano huikataa kutu hii na kushindwa na ile.

Mwezi Juni 1920, katika mkutano wa wazalishaji wa mbegu uliofanyika Saratov, Vavilov alitoa nadharia iliyompa sifa nchini kote. Alieleza kwamba spishi zenye undugu hubadilika kwa njia zinazofanana, hata mtu akiyajua maumbo ya spishi moja aweza kutabiri maumbo ya nduguye ambayo hayajapata kuonekana. Waliomsikiliza walimlinganisha na Mendeleev na jedwali lake la elementi. Kwa mtafutaji wa kinga, nadharia hiyo ilikuwa kama ramani: ikiwa ngano moja inaikataa kutu, dada zake wa porini na wa milimani nao wachunguzwe.

Mwaka huo huo Regel alifariki kwa homa ya chawa, na Vavilov akaitwa kushika nafasi yake Petrograd, mji ulioitwa Leningrad kuanzia 1924. Alifika mwaka 1921, njaa nyingine ikiwa imetanda katika bonde la Volga. Idara ndogo aliyoikuta aliijenga hadi ikawa taasisi yenye vituo vya majaribio katika pembe zote za Muungano wa Kisovieti. Kisha akasafiri. Alikwenda Marekani mwaka 1921, Afghanistan 1924, nchi za Mediterania mwaka 1926, Uchina magharibi, Japani na Korea mwaka 1929, Meksiko mwaka 1930, na Amerika ya Kusini mwaka 1932. Mwaka 1926 alichapisha kazi yake juu ya vitovu vya asili ya mimea ya mashamba, akatuzwa Tuzo ya Lenin. Kufikia mwaka 1940 taasisi ilikuwa na sampuli zaidi ya 200,000 za mbegu hai.

Safari yake ya Uhabeshi ya mwaka 1927 inastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Alishuka pwani ya Djibouti, akapanda hadi Addis Ababa, akapokewa na Ras Tafari ambaye baadaye alitawazwa kwa jina la Haile Selassie, kisha akasafiri na msafara wa nyumbu nyanda za juu hadi Eritrea. Aliona tefu, nugi na kahawa, lakini kilichomshangaza hasa kilikuwa ngano ngumu na shayiri. Katika shamba moja la mkulima mmoja palichanganyika masuke yenye ndevu na yasiyo na ndevu, punje nyeupe, nyekundu na za zambarau. Ngano ya porini hapakuwa nayo hata moja. Wakulima wa Uhabeshi, pasipo kitabu wala chuo, walikuwa wamehifadhi katika mashamba yao mchanganyiko ambao wazalishaji wa Ulaya walikuwa wakiufuta kwa kupanda aina moja tu.

Kutokana na safari hizo Vavilov aliona kwamba kinga nayo ina jiografia yake. Ngano za nchi kavu za Asia ya Kati zilikuwa dhaifu sana mbele ya kutu, kwa sababu hazikuwa zimekutana nayo vya kutosha. Zile za Mediterania, mahali ambapo unyevu huamsha kuvu kila mwaka, zilikuwa na kinga dhidi ya magonjwa mengi kwa pamoja. Pale ambapo mmea na adui wake wameishi pamoja kwa maelfu ya miaka, ndipo palipo na silaha. Aligundua pia kwamba ngano ya punje moja, nafaka ya kale yenye kromosomu 14 tu ambayo wakulima wengi walikuwa wameiacha, ilikuwa miongoni mwa zile zilizougua kidogo kuliko zote. Wajerumani waliokwenda Uhabeshi mwaka 1937 na 1938 walirudi na shayiri ambazo ubwiri unga haukuziweza. Jeni inayohusika ilipotambuliwa mwaka 1997, ilionekana kwamba kinga hiyo hutokea pale jeni fulani inapoharibika, kwa kuwa kuvu huihitaji jeni hiyo iwe nzima ili iweze kuingia.

Wakati Vavilov alipokuwa kwenye kilele cha hadhi yake, ardhi ilikuwa imeanza kumomonyoka chini ya miguu yake. Mwaka 1929 aliteuliwa kuwa rais wa kwanza wa akademia ya sayansi za kilimo ya Kisovieti. Mwaka huo huo serikali ya Stalin ilianza kuwalazimisha wakulima kuingia katika mashamba ya ujima, na mwaka 1932 na 1933 mamilioni ya watu walikufa kwa njaa, hasa Ukraine. Serikali ilitaka miujiza. Amri ya mwaka 1931 iliwataka wazalishaji watoe aina mpya za mbegu kwa miaka minne au mitano, kazi ambayo kwa kawaida ilichukua zaidi ya kumi. Vavilov alijua kwamba kinga haiagizwi kwa amri. Huchanganywa, hupandwa, huambukizwa, huchujwa, kisha hurudiwa. Trofim Lysenko, mtoto wa wakulima wa Ukraine aliyezaliwa mwaka 1898, aliahidi kwamba mbegu iliyolowekwa na kutiwa baridi ingeweza kufunzwa tabia mpya na kuirithisha. Baadaye alikana kabisa kuwapo kwa jeni.

Hapa Vavilov hana budi kulaumiwa kidogo. Katika miaka ya mwanzo alimsifu Lysenko hadharani na kuyapendekeza majaribio yake, huenda kwa ukarimu wake wa kawaida kwa vijana, huenda kwa kudhani kwamba ushahidi ungeamua mambo wenyewe. Alipotambua kwamba jamaa huyo hakuwa na haja ya ushahidi, Stalin alikuwa ameshampigia makofi mbele ya umma, mwaka 1935. Mwaka huo Vavilov aliondolewa urais wa akademia. Mwaka 1938 Lysenko mwenyewe akaketi katika kiti hicho. Wenzake Vavilov walikamatwa mmoja mmoja. Kongamano la kimataifa la jenetiki lililokuwa lifanyike Moscow mwaka 1937 lilifutwa, likafanyika Edinburgh mwaka 1939. Wajumbe walimchagua Vavilov kuwa rais wao, lakini serikali ilimnyima ruhusa ya kusafiri. Mwaka 1940, akiwa katika dhiki hiyo, alirudi kwenye swali la ujana wake, akaandika kazi ndefu juu ya kanuni za kinga ya asili ya mimea.

Tarehe 6 Agosti 1940, akiwa katika safari ya kukusanya mbegu karibu na Chernivtsi, magharibi mwa Ukraine, maafisa wa usalama walimfuata na kumchukua. Wenzake walipofungua mkoba wake baadaye, walikuta masuke ya ngano ya kale yenye maganda magumu aliyoyachuma siku ile. Alihojiwa takriban mara 400, mara nyingi usiku kucha. Alishtakiwa ujasusi na hujuma dhidi ya kilimo, na tarehe 9 Julai 1941 akahukumiwa kifo katika kesi iliyokwisha kwa dakika chache. Majeshi ya Ujerumani yalipoukaribia mji wa Moscow, wafungwa walihamishiwa Saratov, mji ule ule alikokiandika kitabu cha 1919. Katika seli ya waliohukumiwa kifo aliwafundisha wenzake sayansi, naye alikuwa ameandika gerezani historia ya kilimo duniani, maandishi yaliyopotea. Mwaka 1942 adhabu yake ilibadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20, na mwaka huo huo Jumuiya ya Kifalme ya London ilimchagua kuwa mwanachama wake wa kigeni. Hakuwa na njia ya kupata habari hizo.

Mkewe wa pili, Yelena Barulina, mtaalamu wa adesi, alikuwa amehamia Saratov na mwana wao Yuri kwa ajili ya vita. Waliishi mwendo mfupi kutoka gerezani. Hawakujua kwamba Nikolai alikuwa humo. Vifurushi vya chakula alivyovikusanya kwa taabu Yelena alivituma Moscow. Vavilov alifariki tarehe 26 Januari 1943, mwili ukiwa umeisha kwa utapiamlo, akazikwa bila ya alama katika makaburi ya mji huo. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Leningrad nako, kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, watu walikufa kwa njaa kwa mamia ya maelfu, mji ukiwa umezingirwa. Ndani ya jengo la taasisi yalikuwapo magunia ya mpunga, ngano, njugu na viazi. Wafanyakazi waliyalinda dhidi ya panya, baridi na mikono yao wenyewe. Dmitri Ivanov, mtaalamu wa mpunga, alikufa kwa njaa akiwa amezungukwa na pakiti za mpunga. Alexander Shchukin alikufa akiwa mezani pake na njugu zake. Lilya Rodina, mtunzaji wa oti, naye vilevile. Si wao peke yao. Walikuwa hawajui kama mkuu wao yu hai.

Mambo yaliyofuata yalikwenda polepole. Mwaka 1945 Stalin alimfanya Sergey Vavilov, nduguye marehemu, kuwa rais wa Akademia ya Sayansi, cheo ambacho hakuwa na uwezo wa kukikataa, akakishika hadi kufa kwake mwaka 1951. Mwaka 1948 jenetiki ilipigwa marufuku rasmi. Vavilov alisafishwa jina na mahakama tarehe 20 Agosti 1955, na mwaka 1961 ile kazi yake ya mwisho juu ya kanuni za kinga ilichapishwa hatimaye. Lysenko aliendelea kuwa na nguvu hadi mwaka 1964.

Mwaka 1998, katika nyanda za juu za Uganda, ilionekana kutu ya shina iliyoweza kuishinda jeni ya Sr31, kinga iliyotolewa katika rai na kutegemewa na wakulima wa ngano katika nchi nyingi. Ilipotambuliwa rasmi mwaka 1999 ikapewa jina la Ug99. Iliingia Kenya mwaka 2001, Ethiopia 2003, Yemen 2006 na Iran 2007, yaani ile Uajemi ya safari ya kwanza. Kuanzia mwaka 2005 kituo cha Njoro, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kikawa uwanja ambamo ngano za dunia nzima zilipandwa makusudi mbele ya kutu hiyo ili ijulikane itakayosimama. Ni jaribio lile lile la Vavilov la mwaka 1911, kwa kipimo kikubwa zaidi. Kutu nayo haikulala: ngano ya Kenya Mwamba, iliyokuwa na kinga nyingine iitwayo Sr24, iliangamia mwaka 2007 baada ya kizazi kipya cha Ug99 kuishinda jeni hiyo pia.

Silaha mpya zimetoka kule kule alikoelekeza Vavilov. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kuisoma jeni ya Sr35, inayoizuia Ug99, na chanzo chake kilikuwa ngano ya punje moja. Mwaka 2017 ilisomwa jeni ya Sr13, ambayo mojawapo ya vyanzo vyake ni ngano ngumu ya wakulima wa Ethiopia. Mwaka 2022 umbo la protini ya Sr35 lilionyeshwa likiwa kazini: protini tano hushikana kama gurudumu mara tu zinapoigusa protini ya kuvu, zikatoboa tundu katika utando wa seli, kalisi ikamiminika ndani, na seli ikafa. Na mwaka 2018 wataalamu wa Australia, wakipima sampuli 295 za ngano kutoka hazina ya Leningrad, ambayo sasa ni St. Petersburg, zikiwamo mbegu za kienyeji zilizokusanywa enzi za Vavilov, waliripoti vyanzo vipya vya kinga dhidi ya kutu ya majani.